Ufunguo wa Alfajiri: Siku nne Mji Mkongwe

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeujaalia usiku uwe wa kupumzika na mchana uwe wa kutafuta maisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (saw), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ndugu msomaji, safari ninayoisimulia hapa ni fupi. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja, boti ya kasi hutumia muda wa saa mbili hivi, na wapo wafanyabiashara wanaokwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini mimi nilipanda boti ile nikiwa na mzigo ambao haukupimwa kwenye mizani ya bandarini, na sikuutua mpaka usiku wa pili wa ugeni wangu.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti wa mtaa wetu, Temeke. Muadhini wetu ni mzee aliyevuka bahari kuja Dar es Salaam akiwa kijana, na kwa zaidi ya miaka ishirini yeye ndiye aliyekuwa akiufungua mlango wa msikiti kabla ya alfajiri. Mwanzoni mwa mwezi wa Julai alipata habari kwamba dada yake mkubwa amefariki Unguja. Aliondoka kwa boti ya kwanza, na kabla ya kuondoka alinikabidhi ufunguo.

"Mwanangu," aliniambia, "huu si mzito mkononi. Uzito wake utauona saa kumi na moja."

Nilitabasamu. Mimi nimesoma chuo cha Kiislamu. Nimehifadhi milango ya fiqhi inayohusu nyakati za swala, na naweza kuzieleza hitilafu za maimamu kuhusu alfajiri ya kweli na alfajiri ya uongo. Ufunguo ungenishinda vipi?

Siku sita niliufungua mlango kwa wakati. Usiku wa kuamkia siku ya saba nilirudi nyumbani nimechelewa kutoka Kariakoo ninakofanya kazi ya kuandika hesabu za duka. Nilikula, nikalala chali na simu usoni, nikafuatilia mabishano ya mpira ambayo leo hata sikumbuki yalihusu timu gani. Usiku wa manane ulipita ningali macho. Kengele ya simu ilipolia nilinyoosha mkono nikainyamazisha, nikajiambia: dakika tano tu. Nilipofumbua macho tena, dirisha lilikuwa jeupe.

Nilikimbia na kanzu mkononi. Nilikuta watu wanane wameshaswali barazani, juu ya saruji, katika baridi ya kipupwe. Miongoni mwao alikuwamo mzee wa miaka themanini na ushei, ambaye huja akiwa ameshika fimbo mkono mmoja na bega la mjukuu wake mkono mwingine. Hakuna aliyenikaripia. Mzee yule aliinua uso akaniambia, "Alhamdulillahi, kumbe u mzima. Tulidhani umeugua." Laiti wangenitukana, ningeona nafuu.

Jumapili iliyofuata kamati ilikaa. Katika muhtasari wa kikao, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, niliandika: "Alfajiri ya Jumatano mlango ulichelewa kufunguliwa." Nilipousoma mbele ya wajumbe hakuna aliyeuliza. Kiswahili chetu kina upole huo: jambo likisemwa kuwa limetendwa, aliyelitenda anaweza kujificha nyuma ya neno. Kisha kamati ikaniteua mimi, katibu wake, nipeleke rambirambi Unguja, na nimuulize muadhini wetu iwapo atarudi. Kwani zilishaanza kusikika habari kwamba huenda asirudi.

MJI UNAOLALA MAPEMA

Anayeshuka bandarini Malindi huhitaji dakika chache tu kwa miguu kuingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Nyumba zimesogeleana kiasi kwamba jua la adhuhuri huanguka chini kwa vipande. Milango ya mbao iliyonakshiwa, mabaraza ya mawe pembeni mwa kuta, paka juu ya ngazi, na baada ya kila vichochoro viwili vitatu, msikiti. Mgeni anaweza kuupita msikiti asijue, kwa sababu mingi haina minara; ni ukuta mweupe, mlango, na viatu nje. Msikiti wa Malindi ni miongoni mwa michache yenye mnara, nao ni mnara mfupi wa duara uliochongoka kuelekea juu.

Nyumba ya marehemu ilikuwa mtaa wa Kiponda. Nilipokewa na mpwa wa muadhini wetu, mama wa watoto watatu, akanipandisha ghorofa ya pili kwa ngazi za mbao zinazolia kila hatua. Muadhini wetu alikuwa amekaa juu ya mkeka, tasbihi mkononi. Nilimpa mkono wa pole, nikamkabidhi bahasha ya kamati, tukasoma Fatiha. Aliniuliza habari za kila mtu kwa jina lake. Mwishowe akauliza, "Na mlango?"

"Mlango hujambo, mzee," nikajibu. Nikainamisha kichwa nikaivuta simu yangu mfukoni, kana kwamba imeita.

Baada ya swala ya isha niliona jambo ambalo nilikuwa nimelisoma vitabuni tu. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (saw) alikuwa akichukia kulala kabla ya isha na mazungumzo baada yake. Nyumba ile ilikuwa ikiliishi neno hilo. Chakula kililiwa baina ya magharibi na isha. Baada ya isha watoto walitawadha tena, taa ya ukumbini ikapunguzwa, na mzee akapanda kitandani. Mpwa wake alipita na kikapu kidogo cha ukili, akaniambia kwa adabu, "Kaka yangu, simu zetu hulala humu, sebuleni." Nilicheka nikasema yangu ndiyo saa yangu ya kuniamshia. Hakunibishia. Nikabaki nayo chumbani mpaka saa saba usiku.

Alfajiri ile niliamshwa na mkono uliogusa unyayo wangu. Mzee alikuwa amesimama, amekwisha kuvaa. Kengele ya simu ilikuwa imekwisha kulia, nami nimekwisha kuinyamazisha bila kujijua.

SAA YETU INAHESABU NINI

Baada ya swala mzee alinichukua tukatembee. Tulikwenda hadi diko la Malindi, ambako boti za wavuvi waliokesha na taa zao zilikuwa zikishusha samaki. Dagaa kwa ndoo, vibua, changu, jodari mmoja aliyebebwa na vijana wawili. Dalali alikuwa ameshaanza mnada na jua bado halijachomoza. Akina mama waliokuja na beseni zao walinunua, wakaondoka haraka. Mzee alisema, "Atakayekuja hapa saa mbili atapata samaki pia. Lakini atampata aliyekwisha kuchaguliwa na wenzake."

Nilikumbuka hadithi ya Sahaba Sakhr al-Ghamidi, aliyepokea dua ya Mtume (saw) ya kuuombea umma wake baraka katika asubuhi zake za mapema. Sakhr alikuwa mfanyabiashara, akawa anaipeleka bidhaa yake mwanzo wa mchana, na wapokezi wanaeleza kwamba alitajirika. Niliisoma hadithi hiyo chuoni nikaifanyia mtihani nikafaulu. Pale dikoni, miguu ikiwa imelowa maji ya samaki, ndipo nilipoiona.

Tukarudi kwa njia ya Darajani, ambako soko la tangu mwaka 1904 lilikuwa likifungua milango. Harufu ya mkate wa ajemi ilitoka katika tanuri moja, na muuza kahawa alikuwa ameshaketi na dele lake juu ya makaa. Tulikunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, tukatafuna kashata, tumekaa juu ya baraza la watu tusiowajua waliotupisha nafasi kama jamaa zao. Mtu mmoja aliuliza saa ngapi. Akajibiwa, "Saa moja kasorobo."

Nimeisikia saa ya Kiswahili tangu nizaliwe, lakini siku ile niliifikiri. Wengine duniani huanza kuihesabu siku katikati ya usiku, wakati hakuna anayeiona ikianza. Sisi saa za mchana wetu huanza kuhesabiwa jua linapotoka. Mtu akiamka akaambiwa ni saa mbili, ameambiwa pia, bila ya kusutwa, kwamba saa mbili za mchana zimekwisha kwenda bila yeye. Saa yetu ni hesabu ya yaliyopita tangu mwanga, na wazee walioitumia walikuwa wakijua kila mara wana deni la kiasi gani.

Tena Mwenyezi Mungu ametufanyia wepesi sisi watu wa pwani hii. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya Ikweta. Mchana wetu mrefu kabisa na mfupi kabisa hautofautiani hata kwa saa nzima. Alfajiri huwahi kidogo mwezi wa Novemba na huchelewa kidogo Julai, lakini mwaka mzima haiendi mbali na saa kumi na moja. Ndugu zetu walioko London, mwezi wa Juni jua huwatokea kabla ya saa kumi na moja alfajiri na huzama baada ya saa tatu usiku. Baina ya isha na alfajiri yao hakuna usiku wa kutosha kulala. Nao huamka. Mwili wa mwanadamu hujifunza saa inayojirudia, na sisi tumepewa saa ambayo karibu haibadiliki. Kwa hiyo udhuru wetu ni mdogo kuliko wa watu wengi duniani.

BILAL NA NGAMIA WAKE

Usiku wa pili, kabla ya isha, tulikuwa tumekaa barazani nje ya nyumba. Mzee akaniuliza tena, "Na mlango?" Safari hii alinitazama.

Nilimwambia. Nilimwambia habari za mabishano ya mpira, za dakika tano, za watu wanane juu ya saruji, za mzee wa fimbo. Nikamwambia ya kwamba niko tayari kuiachia nafasi ya ukatibu, kwa kuwa mtu asiyeweza kufungua mlango hafai kuwaandikia watu mihtasari. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikumbusha kisa ambacho mimi ndiye niliyepaswa kukijua.

Mtume (saw) na Masahaba wake walikuwa wakirudi kutoka Khaybar. Walisafiri usiku mpaka uchovu ukawashinda, wakateremka kulala, na Mtume akamtaka Bilal (ra) awalindie alfajiri. Bilal akaswali kadiri alivyojaaliwa, kisha alfajiri ilipokaribia akaegemea ngamia wake, uso ameuelekeza kule panapokucha. Macho yakamshinda. Hakuna aliyeamka mpaka joto la jua lilipowapiga, na wa kwanza kuamka alikuwa Mtume (saw) mwenyewe. Alipomuuliza Bilal, Bilal alijibu kwamba kilichoishika nafsi yake ndicho kilichoishika nafsi ya Mtume. Mtume hakumvua Bilal uadhini. Aliamrisha waondoke mahali pale, wakasogea kidogo, wakatawadha, Bilal akatakiwa aite, na swala ikaswaliwa. Akawafundisha kwamba aliyesahau swala na aiswali anapoikumbuka.

Mzee alinyamaza kidogo, akasema: "Watu hukipenda kisa hiki kwa sababu kinawasamehe. Mimi nakipenda kwa jambo jingine. Bilal alipolala, uso wake ulikuwa umeelekea alfajiri. Wewe mwanangu, usiku ule uso wako ulikuwa umeelekea wapi?"

Sikuwa na jibu. Au nilikuwa nalo, limo mfukoni mwangu.

Akaongeza, "Wanazuoni wanatufundisha kwamba aliyelala hana dhambi ya uzembe, uzembe ni wa aliye macho. Basi uzembe wako haukuwa saa kumi na moja. Ulikuwa saa sita za usiku, ukiwa macho."

Nilikumbuka jambo la tatu katika kisa kile, ambalo mzee hakulitaja kwa kuwa hakujua nilichokiandika katika muhtasari. Bilal alipoulizwa alijibu yeye mwenyewe. Hakusema kwamba ulinzi ulichelewa kufanyika.

Usiku ule niliiweka simu yangu katika kikapu cha ukili.

MAMBO MANNE YA NYUMBA ILE

Sitaki msomaji adhani kwamba nilibadilika kwa usiku mmoja. Alfajiri iliyofuata sauti ya muadhini wa jirani, akisema kwamba swala ni bora kuliko usingizi, ndiyo iliyonitoa kitandani. Nikaikosa sunna ya kabla ya alfajiri, rakaa mbili ambazo Mtume (saw) amezithamini kuliko dunia na vilivyomo. Lakini nilianza kuiangalia nyumba ile kwa jicho la mwanafunzi, na niliyoyaona nayaandika hapa kwa faida ya familia zetu.

La kwanza ni kwamba alfajiri ya nyumba ile huanza magharibi. Anayelala saa tatu na nusu hahitaji ushujaa kuamka saa kumi na moja kasorobo. Ameshalala saa saba. Anayelala saa saba usiku anajitaka afanye muujiza kila siku, na akishindwa humlaumu shetani peke yake. Hata siku za mapumziko saa hazikubadilishwa, kwani siku mbili za kulala mpaka jua liwake huuharibu mwili uliokwisha kuzoea siku tano.

La pili ni namna ya kuondoka kitandani. Katika hadithi mashuhuri tunaelezwa kwamba shetani humfunga aliyelala mafundo matatu kisogoni: akimtaja Mwenyezi Mungu hufunguka moja, akitawadha la pili, akiswali la tatu, akaamka mchangamfu. Mzee alinionesha utaratibu huo kwa vitendo. Hakungoja usingizi umwishe ndipo aondoke. Ulimi ulitangulia, kisha miguu ikagusa sakafu, kisha maji. "Ukingoja mpaka ujisikie kuamka," alisema, "utaamka adhuhuri. Kujisikia huja baada ya udhu, hakuji kabla." Ndoo ya maji na kata ilikuwa imewekwa tangu usiku karibu na mlango wa chumba.

La tatu ni watoto. Mpwa wake hakuwa akiwapigia kelele kutoka jikoni. Alikuwa akikaa miguuni pa kitanda, akimsugua mtoto nyayo taratibu na kumwita kwa jina lake na la baba yake, mpaka mtoto ajibu. Mdogo, ambaye hajafika miaka saba, aliachwa alale. Yule wa miaka tisa aliamshwa na kuombewa dua. Mkubwa aliamka mwenyewe na kazi yake ilikuwa kuwasha taa ya ngazi. Baada ya swala walikunywa chai kwa boflo na wakaelekea chuoni kabla ya skuli. Nilimuuliza huyo mkubwa kwa nini haoni uzito. Akanijibu kama mtu anayeshangaa swali, "Ami, nisipowasha taa, babu ataanguka."

Nadhani katika mambo yote niliyoyasikia Unguja hili ndilo lililo zito zaidi. Mtoto yule hakuamka kwa kuogopa fimbo wala kwa kupenda asubuhi. Aliamka kwa kuwa kuna mtu ambaye mguu wake unamtegemea.

La nne ni kailula, usingizi mfupi wa mchana. Mzee alijinyoosha baada ya adhuhuri kwa muda usiotimia nusu saa, akaamka. Sisi tunaofanya kazi Kariakoo hatuna kitanda mchana, hilo nalijua. Lakini hata dakika kumi na tano juu ya gunia la mchele nyuma ya duka zimenisaidia zaidi ya vikombe viwili vya kahawa vya jioni, ambavyo hunilipa kwa kuninyima usingizi wa usiku.

ALFAJIRI YA NNE

Jioni ya siku ya tatu mzee alinipeleka katika msikiti mdogo jirani na nyumba yao, ule usio na mnara, akazungumza na mshika ufunguo wake, mtu mzima aliyemfahamu tangu utoto. Kisha akanigeukia. "Kesho mgeni atafungua," alisema, na mshika ufunguo akanikabidhi.

Sikulala vizuri, naikiri. Niliamka saa nane, nikaamka saa tisa. Lakini saa kumi na nusu nilifumbua macho na hapakuwa na kengele, hapakuwa na mkono unyayoni. Niliutamka utajo, miguu ikagusa sakafu, nikatafuta kata gizani. Ngazini taa ilikuwa bado haijawashwa. Nilimtangulia hata mtoto.

Kichochoro kilikuwa kimya na kijivu. Paka mmoja alinifuata. Ufunguo uligoma kidogo katika kufuli ya kale, nikaogopa, kisha ukazunguka. Niliwasha taa, nikafungua madirisha, nikakunjua mkeka uliokuwa umekunjika pembeni. Nilikaa peke yangu mbele ya mihrabu dakika chache, na nakiri kwamba katika miaka yangu yote ya chuo sikuwahi kuisikia nyumba ya Mwenyezi Mungu ikiwa kimya namna ile. Kisha nikasikia kandambili za kwanza mlangoni. Alikuwa mzee asiyenijua. Alitoa salamu, akaingia, akaswali sunna. Hakunishukuru, na hapakuwa na sababu ya kunishukuru. Alikuta mlango uko wazi, basi. Nilifahamu kwamba hiyo ndiyo kazi yote ya mshika ufunguo: asikumbukwe na mtu.

Asubuhi hiyo nilimuuliza muadhini wetu swali nililotumwa. Aliniambia kwamba dada yake ameacha nyumba na wajukuu, na kwamba mpwa wake hawezi kubeba peke yake. Atakaa angalau mpaka mwaka uishe, na baada ya hapo ni majaaliwa. "Ufunguo ubaki kwako," alisema, "lakini usiushike peke yako. Ibn Umm Maktum (ra) alikuwa muadhini wa Mtume naye alikuwa kipofu. Hakuadhini alfajiri mpaka watu wamwambie kumekucha. Muadhini wa Mtume alihitaji watu. Wewe ni nani usihitaji?"

NYUMBANI

Nilirudi kwa boti ya mchana. Kikao kilichofuata niliwaomba wajumbe turekebishe muhtasari uliopita. Palipokuwa pameandikwa kwamba mlango ulichelewa kufunguliwa, sasa pameandikwa: "Alfajiri ya Jumatano Katibu, aliyekuwa na ufunguo, alilala." Mwenyekiti aliuliza kama ni lazima. Nikamwambia kwamba kwangu mimi ni lazima. Yule mzee wa fimbo, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alisema tu, "Andikeni, kisha mumchongee na funguo nyingine."

Ndivyo tulivyofanya. Sasa ziko tatu: moja kwangu, moja kwa kijana fundi seremala anayekaa nyuma ya msikiti, na moja kwa mjukuu wa mzee wa fimbo, mwenye miaka kumi na sita. Anayeamka kwanza hugonga dirisha la mwenzake. Nyumbani kwetu pia kuna kikapu. Mama watoto alikileta mwenyewe kutoka sokoni baada ya kunisikiliza, akaweka simu yake kwanza, nami baada yake. Na tumekubaliana juu ya ile sunna nzuri ya mume na mke kuamshana, hata kwa kunyunyiziana maji usoni. Mpaka leo amenimwagia mara tatu, mimi mara moja.

Tangu Julai nimelala mara mbili. Siku zote mbili nilifika nikakuta mlango uko wazi na taa zinawaka, na kijana wa miaka kumi na sita amesimama karibu na viatu akijitahidi asicheke. Nikaswali nyuma yao, nikanyoosha kanzu, nikaenda kazini.

Ndugu yangu msomaji, kama alfajiri imekushinda miaka mingi, usianze kwa kununua saa yenye kelele zaidi. Tazama usiku wako uso wako umeelekea wapi, kisha tafuta mtu mmoja ambaye hatua yake inakutegemea: mtoto wa kumwashia taa, mama wa kumpelekea maji ya udhu, jirani wa kumgongea dirisha. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaokikuta kisomo cha alfajiri, kile kinachohudhuriwa na Malaika, amrehemu marehemu dada wa muadhini wetu, na amrejeshee muadhini wetu nguvu popote alipo. Amin.